Kozi Gani, Mama Kopi?

Kama gazeti la wiki iliyopita lilitandikwa mezani kabla hujafika ukurasa huu, usijali. Nakuchukua pale pale nilipoangukia.

Mimi ni yule mwanamke wa miaka thelathini na tisa anayetoa kopi na kujalidi vitabu kwenye duka lililoelekeana na lango la chuo. Wanafunzi wananiita Mama Kopi. Miaka kumi na minane nimesimama mbele ya mashine ile, na wiki iliyopita mwenye duka akaniletea meneja.

Meneja ni msichana wa miaka ishirini na mitatu mwenye stashahada. Siku ya kwanza aliniuliza karatasi zinaingilia wapi. Nikamwonyesha. Siku ya pili akaniuliza zinatokea wapi.

Nilimuuliza mwenye duka kwa nini cheo hicho hakunipa mimi. Akanijibu kwa upole, kama mtu anayempa mwenzake pole ya msiba. “Mama Kopi, wewe unaijua kazi. Lakini yeye ana cheti.”

Akufukuzaye hakwambii toka. Saa ya chakula nikavuka barabara, nikaingia chuoni, nikachukua fomu ya kujiunga. Mwisho wa kuirudisha ulikuwa Ijumaa.

Nikajaza jina. Nikajaza tarehe ya kuzaliwa, nikaitazama mara mbili nikidhani nimeandika ya mama yangu. Kisha nikafika kwenye mstari unaosema: Kozi unayoomba.

Hapo ndipo nilipowaacha. Na hapo ndipo nilipokuwa bado, Jumapili mchana.

*

Kosa langu lilikuwa kuiacha fomu kwenye meza ya sebuleni siku ambayo shangazi anakuja kula kwetu. Na shangazi akija, kaka yangu naye anakuja, maana anajua siku hiyo tunapika vizuri.

Shangazi alivaa miwani, akaisoma fomu kuanzia juu hadi chini, akarudi juu tena. Hakushangaa.

“Andika uuguzi,” akasema.

“Kwa nini uuguzi, shangazi?”

“Goti hili nani atalishika?”

Kaka akaweka kijiko chini. “Uuguzi wa nini? Asome sheria.”

Kaka yangu ana kesi ya mpaka wa kiwanja na jirani yake. Ilianza binti yangu akiwa chekechea. Amekwisha kubadilisha mawakili watatu, na mpaka umebaki pale pale.

“Sheria ni miaka minne, kaka.”

“Kesi yangu itakusubiri.”

Kila mwamba ngoma ngozi huvutia kwake. Hata mama wa nyumba ya pili, aliyekuja kuomba chumvi, alisikia mazungumzo mlangoni akashauri nisome ufundi wa magari. Gari lao lina wiki mbili haliwaki.

Nikamgeukia mume wangu. Mume wangu ni fundi wa lifti, mtu wa maneno machache. Kazini kwake jambo ama linapanda ama linashuka, na akirudi nyumbani anataka liwe hivyo hivyo.

“Baba watoto, wewe unaonaje?”

“Soma unachokipenda.”

“Ninapenda nini?”

Akafikiri. Miaka kumi na minane ya ndoa, nikaona macho yake yanapita kwenye mwaka mmoja baada ya mwingine, yakitafuta.

“Unapenda watu wasikanyage sakafu ikiwa bado mbichi,” akasema.

Shangazi alicheka hadi akashika goti. Mimi sikucheka, kwa sababu mume wangu alikuwa amesema kweli.

Binti yangu mkubwa alikuwa amekaa pembeni na fomu yake mwenyewe. Amemaliza shule mwaka huu, na chuo ni kile kile. Ya kwake aliijaza kwa dakika kumi: upimaji wa ardhi, chaguo la kwanza, upimaji wa ardhi, chaguo la pili, la tatu akaandika “kama la kwanza.”

“Mama, nikuombe kitu kimoja,” akasema.

“Sema, mwanangu.”

“Usiandike upimaji.”

“Kwa nini?”

“Mwalimu akiuliza swali, wewe utajibu.”

“Kujibu ni vibaya?”

“Utajibu kwa kuelezea, Mama. Halafu utageuka uniulize mbele ya darasa kama nimekula.”

Nilitaka kukataa. Lakini kweli ningeuliza.

Baadaye tulikuwa jikoni, yeye anasuuza vyombo, mimi nafuta. Akasema bila kunitazama, “Kwani ulipokuwa chuo mwanzo ulisoma nini?”

“Nilisomasoma kidogo.”

“Nini?”

“Suuza hiyo sahani vizuri.”

Watoto wangu nimewaambia kila mara kwamba maisha yalibana. Ni jibu zuri, halina mtu anayeweza kulipinga. Ninyi wasomaji nitawaambia ukweli, kwa kuwa hamnijui.

Maisha hayakubana. Nilikuwa mwaka wa pili, nasoma Mipango. Sikuichagua, nilipangiwa. Walimu wakagoma, chuo kikafungwa miezi mitano. Siku moja nilivuka barabara kutoa kopi za maelezo ya darasa, na mwenye duka akaniambia, “Binti, hebu nishikie hapa kidogo, nakwenda mara moja.”

Nikamshikia.

Mgomo ulipokwisha, niliwaona wenzangu kupitia dirisha la duka wakiingia langoni na mikoba yao. Mkoba wangu ulikuwa chini ya kaunta. Nikasema nitaingia kesho. Tatizo langu halikuwa ada wala mtoto, maana mtoto alikuja mwaka uliofuata. Tatizo lilikuwa kwamba mtu akinisimamisha langoni akaniuliza ninasoma Mipango ili niwe nani, sikuwa na jibu. Duka halikuuliza.

*

Hadi Alhamisi asubuhi ule mstari ulikuwa bado mtupu. Mume wangu akaniambia kuuliza si ujinga, chuoni si kuna watu wa kuulizwa? Nikamuaga Meneja, aliyekuwa anasoma maelezo ya kubadilisha wino kwa sauti, nikavuka barabara.

Ghorofa ya pili kuna chumba kimeandikwa Ushauri wa Masomo. Ndani kulikuwa na kijana mwenye tai, kompyuta na mmea wa plastiki.

“Karibu, mama. Mtoto wako anataka kujiunga?”

“Anataka. Lakini nimekuja kwa ajili yangu.”

“Safi sana,” akasema, kwa sauti ile ya kumsifu mtoto aliyemaliza uji. “Malengo yako ni yapi?”

“Hayo ndiyo niliyokuja kuuliza.”

“Malengo huwezi kuuliza, mama. Unakuja nayo.”

“Ningekuwa nayo nisingepanda ngazi.”

Akaandika kitu. Kisha akafungua programu kwenye kompyuta, maswali sitini, ya kupima mtu anafaa kazi gani.

“Swali la kwanza. Unapenda kufanya kazi peke yako au na wenzako?”

“Wenzangu gani?”

“Kwa jumla.”

“Meneja yumo?”

“Jibu la kwanza linalokuja, mama.”

Tulikwenda hivyo hadi la sitini. Akabonyeza. Kompyuta ikafikiri. Nilimwona kijana anatabasamu, kisha tabasamu likapungua taratibu kama wino wa kalamu inayoisha.

“Imesemaje?” nikauliza.

Akaigeuza kompyuta kidogo upande wake. Nikainuka, nikainama upande wake. Juu kabisa ilikuwa imeandikwa: Mshauri wa Masomo, asilimia tisini na nne.

“Wewe ulipata ngapi?” nikamuuliza. Niliuliza kwa nia njema.

“Programu ina matatizo kidogo,” akasema, akaifunga. Akanitazama vizuri kwa mara ya kwanza. “Mama, mbona sura yako si ngeni?”

“Nilikujalidia kitabu chako cha utafiti. Jalada la bluu, maandishi ya dhahabu. Ulirudi mara tatu, sura ya nne uliileta kichwa chini miguu juu.”

Akaigusa tai yake.

“Kilihusu kwa nini watu wazima hawarudi chuoni,” nikamkumbusha. “Uliwahoji watu wazima sitini.”

Kijana akaenda akafunga mlango.

Hapa sina budi kuungama jambo la pili, na hili ni zito kuliko la kwanza. Wale watu wazima sitini hawakuhojiwa. Madodoso yao yalijazwa kwenye kaunta yangu, kwa kalamu tatu za rangi tofauti. Mkono wa kijana ulipochoka aliniomba nimsaidie, nami nikajaza kumi na moja. Siku ile nilikuwa mkulima, mjane, mwashi mstaafu, dereva wa lori, na wengine ambao nimewasahau. Palipoulizwa “Kwa nini hukurudi chuoni?” wote kumi na mmoja walijibu neno moja: sikujua nirudi kusomea nini.

Yeye akalifanya hilo kuwa ugunduzi wake mkuu. Akapata alama za juu, na chuo kikamwajiri kuwashauri watu kama mimi.

Na hitimisho la kitabu kile nililiandika mimi.

Si lake peke yake. Wanafunzi wakifika sura ya tano wanakuwa wamechoka, wamekonda, wanalia kwenye mashine yangu. Nami nilikwisha kutoa kopi za mahitimisho mengi kiasi kwamba nilikuwa nayajua kama nyimbo za shule. Nikawa nawamalizia. Mwaka mbaya, manane. Mwaka mzuri, ishirini. Malipo yangu yalikuwa asante na biskuti. Nimehitimisha kazi za watu zaidi ya mia mbili. Yangu hata utangulizi haina.

“Mama Kopi,” kijana akanong'ona, “yale si yalipita?”

“Sijasema kitu, baba. Nataka tu kujua nisome nini.”

Akainua simu. “Usajili? Nakuletea mama mmoja. Mhudumie haraka. Haraka sana.” Akaweka simu chini, akanishikia mlango.

“Lakini hujaniambia kozi,” nikasema.

“Usajili watakuambia.”

*

Karani wa usajili alikuwa mama wa makamo, miwani imening'inia kwenye uzi shingoni, mtu aliyekaa kwenye kiti kile hadi kiti kimechukua umbo lake. Akaipokea fomu yangu, akaitazama.

“Kozi hujajaza.”

“Mama, naomba unisaidie. Ipo ambayo haijajaa?”

Akaniangalia kama daktari anayeulizwa na mgonjwa ni ugonjwa gani unaopatikana leo. “Uliwahi kusoma hapa?”

“Kidogo. Miaka miwili kasoro, nikaacha.”

“Namba yako ya usajili unaikumbuka?”

Nikaitaja. Nilishangaa mwenyewe. Namba ya simu ya mume wangu siijui kwa kichwa, lakini ile ilitoka yote, hadi alama ya mkwaju ya mwisho.

Karani akaandika kwenye kompyuta. Akavua miwani, akaifuta, akaivaa. Akainuka akaenda kwenye kabati la chuma nyuma, akakaa huko kwa muda, akarudi na jalada la kijivu lenye vumbi.

“Wewe hukuacha,” akasema.

“Niliacha, mama.”

“Hukuacha. Umehitimu.”

Nilicheka kidogo, kwa adabu. Yeye hakucheka.

“Sikufanya mtihani hata mmoja,” nikasema.

“Mwaka wa mgomo nani alifanya? Kamati ilikaa, ikasema kila aliyeko kwenye orodha apewe alama za kazi za darasani. Wewe uko kwenye orodha.”

“Huo ni mwaka wa pili. Na wa tatu?”

Akafunua ukurasa. “Wa tatu…” Akasogeza kidole. “Orodha ya mwaka wa tatu ilinakiliwa kutoka ya mwaka wa pili, pamoja na alama zake. Mashine ya chuo ilikuwa mbovu, wakatoa kopi nje.”

“Nje wapi?”

“Hapo ng'ambo. Duka linaloelekeana na lango.”

Sikuuliza zaidi. Wakati ule dukani tulikuwa wawili, mimi na mwenye duka, na mwenye duka hajawahi kugusa mashine maisha yake yote. Kwa hiyo kuna siku nilipokea orodha yenye jina langu, nikaifunika kifuniko, nikabonyeza, nikakabidhi nakala zikiwa bado za moto. Sikuisoma. Ukizisoma zote hazitoki.

Karani akachomoa karatasi ngumu kutoka kwenye bahasha, akailaza mbele yangu. Jina langu lote, kama lilivyo kwenye cheti cha kuzaliwa. Muhuri mwekundu. Shahada ya Mipango.

“Daraja la pili la juu,” akasema. “Umefanya vizuri. Hukuja tu kuchukua.”

Mimi, ambaye nimepikia watu kumi na tano chakula cha watu sita kwa kutopanga. Mimi ni mtaalamu wa mipango, tena wa daraja la pili la juu, na nimekuwa hivyo miaka kumi na sita.

“Basi fomu yangu?” nikauliza.

“Siwezi kuipokea. Mhitimu haombi mwaka wa kwanza.”

“Sasa nifanyeje?”

“Moja kati ya mawili.” Akatoa kitabu kirefu cha kusainia vyeti, akakifungua. “Utie sahihi hapa, uchukue shahada yako, uende zako.” Kisha akaweka karatasi nyeupe kando yake. “Au uandike barua kwa mkono wako, useme hukusoma na shahada si halali yako. Nitaipeleka kamati. Kamati itachunguza.”

“Inachunguza kwa muda gani?”

“Uchunguzi wa mgomo bado unaendelea.”

Nikaitazama ile karatasi nyeupe. “Na watachunguza nini hasa?”

“Nani alinakili orodha. Anafanya kazi gani. Ana uhusiano gani na wanafunzi.” Akainua mabega. “Kamati ikianza kuuliza haichagui.”

Nikayaona mahitimisho mia mbili yakishushwa kutoka kwenye rafu za maktaba, moja baada ya jingine, na watu wenye miwani wakiyasoma na kuuliza mbona wote wanamalizia kwa maneno yale yale.

“Naenda kula saa saba kasoro robo,” karani akasema. “Amua.”

Saa ya ukutani ilisema saa saba kasoro dakika ishirini.

Nilifikiri haraka, na sitawaficha nilichofikiri. Kwanza nilifikiri juu ya Meneja: kesho asubuhi naiweka shahada kwenye kaunta, mbele yake, bila kusema neno. Nikamwona mwenye duka akitafuta miwani yake. Ilikuwa picha tamu. Kisha nikawakumbuka mkulima na mjane na dereva wa lori, wote kumi na mmoja, na lile jibu lao. Nilikuwa nimekuja kulitafutia dawa. Nikitia sahihi, sitasoma tena chochote. Hakuna mtu anayerudi kusoma alichokwisha hitimu.

Nikiandika barua, naweza kufukuzwa kazi, na chuoni pia nisiingie.

Nikashika kalamu. Sikujua inakwenda upande gani. Mkono wangu wenyewe ulikuwa umesimama katikati, juu ya meza, na karani anautazama.

Mlango ukafunguliwa.

Alikuwa binti yangu, na fomu yake ndani ya mfuko wa plastiki usikunjike. Akamwamkia karani kwa heshima. Akaniona.

“Mama? Unarudisha yako?”

Kabla sijafungua mdomo, karani alikuwa ametutazama wote wawili na kuelewa. “Huyu ni wako? Mmefanana.” Akamgeukia. “Hongera, binti. Kumbe mama yako ni mhitimu wetu.”

Binti yangu akasogea mezani. Akasoma ile karatasi ngumu neno kwa neno, midomo inacheza, kama alivyokuwa akisoma alipokuwa darasa la kwanza. Akafika kwenye muhuri. Akaanza tena juu.

“Ulimaliza?” akasema. “Siku zote hizi, ulikuwa umemaliza?”

Mtoto huyu nimemwona akiwatazama watu wengi kwa heshima. Mwalimu wake wa hesabu. Mama wa rafiki yake, anayefanya kazi benki. Mimi hunitazama kwa mapenzi, na huniomba nipunguze sauti tukiwa mbele za watu. Siku ile alinyoosha mgongo. Akanishika mkono wa kushoto, ule wenye madoa ya wino yasiyotoka, akaukamata mbele ya karani, wala hakuuachia.

“Baba anajua?”

“Mwanangu,” nikaanza. Hakuningoja nimalize.

“Mbona hukutuambia? Kwa nini ulituacha tukufikirie vile?” Macho yake yalikuwa yamejaa. “Na mimi Jumapili nikakwambia maneno yale.”

“Sahihi, mama,” karani akasema. “Dakika mbili.”

Binti yangu akafuta macho kwa mgongo wa mkono. Akaiondoa ile karatasi nyeupe iliyokuwa inanibana, akaisukuma pembeni, akakivuta kitabu kinikae vizuri.

“Hapa, Mama,” akasema, akaweka kidole mahali pa kutia sahihi.